Mbwa koko mwenye fangasi: jinsi ya kumchukua, kumtibu na kusafisha nyumba kwa wakazi wa Mwanza

Ukipita Mwaloni Kirumba asubuhi, au ukizungukia nyuma ya mabanda ya mama ntilie pale Igoma na Buzuruga, utawaona: mbwa wenye mabaka yasiyo na manyoya, masikio yenye magamba, ngozi nyeusi iliyokunjamana shingoni. Wengi hufukuzwa kwa mawe kwa sababu watu wanaamini ugonjwa huo hauponi. Unapona. Dawa zake nyingi zinapatikana hapahapa mjini, na mbwa wa kienyeji ana mwili mgumu unaoitikia matibabu vizuri akipata chakula na uangalizi.

Mwongozo huu ni wa yule ambaye mbwa mmoja wa namna hiyo ameshamwingia moyoni. Nitakwambia mapema mambo mawili yanayoharibu kazi hii kuliko umaskini au ukosefu wa dawa: kuanza kutibu kabla ya kujua ni ugonjwa gani, na kuacha dawa siku manyoya yanapoanza kurudi. Ukiyashinda hayo mawili, mengine yote ni uvumilivu.

Kabla hujamchukua

Kwanza ulizia kama ana mwenyewe. Mbwa wengi tunaowaita koko wana nyumba wanayolala, ila hawafungwi wala hawatibiwi. Muulize mama anayeuza chakula pale mbwa anaposhinda, kisha balozi au mwenyekiti wa mtaa. Mara nyingi mwenyewe akipatikana husema, "Mchukue tu, mwanangu, mimi sina uwezo naye," na hapo umemaliza kwa amani. Lisemwe mbele ya shahidi. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtaka anayemiliki mnyama amtunze na kumwepusha na mateso, kwa hiyo ukishamchukua, mzigo huo ni wako.

Pili, tazama nyumba yako kwa ukweli. Fangasi hawa huambukiza watu, na wanaopata shida zaidi ni watoto wadogo, wazee, na mtu ambaye kinga yake imeshuka, awe anaishi na VVU, anatibiwa saratani au anatumia dawa za kushusha kinga. Kama mmoja wao analala chumba kimoja na pale utakapomweka mbwa, usimlete ndani bado. Mlipie matibabu akiwa anaishi kwa mtu mwingine mwenye nafasi, halafu umchukue akiwa amepona. Huko pia ni kumwokoa.

Kama umepanga, zungumza na mwenye nyumba kabla. Kwenye nyumba za vyumba vingi zenye ua mmoja, zungumza na wapangaji wenzako pia. Wapo majirani Waislamu ambao mate ya mbwa ni najisi kwao. Waahidi kwamba mbwa hatafika kwenye njia yao ya kwenda kusali, wala kwenye ndoo na kamba za nguo zao, na uitimize ahadi hiyo. Mbwa anayechukiwa na ua mzima hatapona, maana mtu atamfungulia geti siku usipokuwepo.

Tatu, kichaa cha mbwa. Hili halina mjadala. Mbwa anayetoa mate mengi, taya limelegea, sauti imebadilika, anayumba, anang'ata vitu hovyo, au mbwa mkali aliyegeuka ghafla kuwa mpole kupita kiasi: usimguse, toa taarifa kwa afisa mifugo wa kata. Na mbwa yeyote akikung'ata au kukukwaruza wakati wa kumkamata, osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha nenda kituo cha afya siku hiyohiyo ukaanze chanjo. Usisubiri uone mbwa atakuwaje.

Kumkamata na kumweka

Usimkimbize. Mpelekee chakula mahali palepale, saa ileile, mpaka akuzoee na akubali kamba laini shingoni. Siku ya kumchukua vaa nguo ya mikono mirefu na glavu, umfunike kwa kanga kuukuu ambayo haitarudi kwenye matumizi ya nyumbani.

Mahali pa kumweka pawe padogo na rahisi kusafishwa: chumba cha stoo chenye sakafu ya simenti, au banda lenye sakafu ya simenti na paa lisilovuja. Epuka zulia, makochi na magodoro. Kwa malalo tumia maboksi ya karatasi utakayoyachoma na kubadilisha, au matambara unayoweza kuyafua. Kama una paka, mtenge kabisa na mbwa huyu. Paka hubeba fangasi hawa bila kuonyesha dalili yoyote. Mbuzi na ndama wasilale naye pia.

Kumtenga kusiwe kumfungia gizani kwa miezi. Mbwa, hasa mtoto, anahitaji kuzungumzishwa na kuguswa kila siku. Mguse ukiwa na glavu, keti naye, mtoe kwenye kipande kimoja cha ua ulichokitenga. Akiogopa watu sasa, ngozi itapona na woga utabaki.

Je, ni fangasi kweli?

Hapa ndipo nataka upunguze mwendo. Mbwa aliyenyonyoka manyoya anaweza kuwa na ugonjwa wowote kati ya mitano au sita, na dawa ya mmoja haitibu mwingine.

Choa, wale fangasi ambao kichwani kwa mtoto tunawaita mapunye, huanza kama baka la duara lisilo na manyoya, lenye magamba kama mba na pengine ukingo mwekundu. Manyoya yanayolizunguka yamekatika kama yaliyopitiwa na wembe butu. Hupenda uso, ncha za masikio, miguu ya mbele na mkia. Kuwasha ni kidogo, au hakupo. Anayehusika mara nyingi ni Microsporum canis, anayetoka kwa paka na mbwa wengine; wengine ni Trichophyton mentagrophytes, anayeletwa na panya, na yule wa udongoni anayewapata mbwa wanaopenda kufukua. Tangu kuambukizwa hadi baka kuonekana hupita wiki moja hadi tatu, kwa hiyo mbwa anaweza kuonekana msafi leo na mwisho wa mwezi akatokwa na mabaka.

Fangasi wa aina ya hamira, Malassezia, ni habari nyingine. Hawa huishi kwenye ngozi ya kila mbwa na huzidi pale ngozi inapokuwa na unyevu au ugonjwa mwingine. Ngozi inakuwa na mafuta, inanuka kama mafuta yaliyochacha, inakuwa nene na nyeusi. Tazama chini ya shingo, kwapani, kinenani, katikati ya vidole na ndani ya masikio. Mbwa huwashwa sana. Mwambao wetu wenye joto, pamoja na mvua za vuli na masika, huwafaa sana. Habari njema ni kwamba hawaambukizi kama choa. Hutalazimika kuisafisha nyumba nzima kwa jiki.

Kisha kuna upele wa utitiri, ambao ndio watu wengi huuchanganya na fangasi. Mbwa mwenye upele hujikuna usiku na mchana hadi damu. Upele huanzia kwenye kingo za masikio, viwiko na tumbo. Ukisugua ukingo wa sikio lake taratibu na mguu wa nyuma ukaanza kukuna hewa wenyewe, shuku upele. Utitiri wa aina ya Demodex hunyonyoa kuzunguka macho na mdomo wa mbwa mdogo bila kumwasha sana. Viroboto hunyonyoa kiunoni na mwanzo wa mkia. Vipele vya usaha ni bakteria. Na mbwa wa mtaani anaweza kuwa na vitatu vya hivyo kwa pamoja. Hilo ni la kawaida kabisa, na ndiyo sababu macho peke yake hayatoshi.

Kwa hiyo mpeleke kwa daktari wa mifugo, au umwite aje. Kama hujui pa kuanzia, ofisi ya kata au idara ya mifugo ya halmashauri, Nyamagana au Ilemela, itakuelekeza. Mwombe haya kwa majina yake: kukwangua ngozi na kuangalia kwa hadubini, ili kutafuta utitiri, kugandisha selotepu kwenye ngozi, ili kutafuta hamira, na kung'oa manyoya machache ukingoni mwa baka, ili kutafuta mbegu za fangasi. Kama ana taa ya Wood, yaani taa ya miale ya urujuanimno ya kumulikia ngozi gizani, manyoya yenye Microsporum canis mara nyingi hung'aa kijani cha tufaha. Lakini taa isipoonyesha kitu, choa haijaondolewa kwenye orodha, maana fangasi wa panya na wa udongo hawang'ai. Na mafuta au dawa iliyopakwa inaweza kung'aa pia, kwa hiyo usimpake chochote kabla ya kwenda.

Kipimo kinachotoa jibu la uhakika ni kuotesha. Daktari humsugua mbwa mwili mzima kwa mswaki mpya wa meno, kisha mswaki huo hupelekwa maabara. Jibu huchukua wiki mbili hadi tatu. Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania ina kituo Mwanza. Mwombe daktari awaulize kama wanapokea sampuli hiyo kwa wakati huo. Uoteshaji usipowezekana, hadubini na historia ya mbwa vinatosha kuanza, mradi utitiri umetafutwa na kuondolewa kwenye mashaka.

Siku hiyohiyo daktari amsikilize moyo, apime joto, aangalie ufizi kama umepauka kwa kupe na minyoo, na ampe dawa ya minyoo na ya viroboto. Chanjo ya kichaa cha mbwa, kwa aliyefikisha miezi mitatu, kwa kawaida haizuiwi na fangasi kama mbwa hana homa. Daktari ndiye ataamua.

Kumwogesha

Shampuu ni nusu ya tiba, kwa sababu ndiyo inayoua mbegu zilizo juu ya manyoya, zile zinazodondoka kwenye sakafu na kumpata mtoto wako. Inayotafutwa ni yenye mikonazoli asilimia 2 pamoja na klorheksidini asilimia 2. Kwa hamira inafaa vilevile. Ukiikosa kwenye maduka ya dawa za mifugo, muulize daktari kuhusu shampuu ya ketokonazoli ya binadamu. Kwa hamira inafanya kazi nzuri. Kuna pia dawa ya chokaa na salfa ya kumwagia, inayonuka kama mayai viza na kupaka manyoya rangi ya njano. Hiyo ni kali sana dhidi ya choa, huchanganywa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa na haisuuzwi, ila mbwa azuiwe kujilamba mpaka akauke.

Usimpeleke ziwani. Najua ndiyo njia rahisi, na najua watu wa Igogo na Luchelele wanaoga na kufua hukohuko. Lakini maji ya ufukweni yenye konokono yana vijidudu vya kichocho vinavyopenya ngozi ya mtu aliyesimama hata maji yakiwa ya kifundo cha mguu, na wewe ndiye utakayesimama humo muda wote unamsugua mbwa. Tena dawa hizi ni sumu kwa samaki. Tumia maji ya bomba au ya kisima, ndani ya beseni, mbali na vyombo vya jikoni.

Weka ndoo juani asubuhi maji yapate uvuguvugu. Mloweshe mbwa mpaka ngozini. Paka shampuu mwili mzima, pamoja na miguu, mkia, katikati ya vidole na nyuma ya masikio, si kwenye mabaka pekee. Mbegu ziko hata mahali panapoonekana pazima. Kisha acha povu likae dakika 10 kamili, ukiangalia saa ya simu. Watu wengi hushindwa hapa: wanasuuza baada ya dakika mbili kwa sababu mbwa anatetemeka, halafu wanasema dawa ni feki. Mshike, mzungumzishe, mpe vipande vya dagaa. Usoni tumia kitambaa kilicholoweshwa, ukikwepa macho. Suuza vizuri, mkaushe kwa taulo lake, umwache juani mpaka akauke kabisa. Kama mvua inanyesha, ahirisha hadi kesho. Mbwa anayelala mbichi anawafugia hamira.

Rudia mara mbili kwa wiki, kwa mfano Jumatano na Jumapili, mpaka mwisho wa tiba. Mbwa wa kienyeji ana manyoya mafupi, hivyo kunyoa si lazima. Mwenye manyoya marefu apunguzwe kwa mkasi taratibu. Mashine hukwaruza ngozi na kuwafungulia fangasi mlango. Manyoya yaliyokatwa yachomwe.

Kwenye mabaka machache unaweza kuongeza krimu tupu ya mikonazoli au klotrimazoli mara mbili kwa siku, ukiipitisha nje ya ukingo wa baka. Atajaribu kuilamba. Kata dumu la plastiki la lita tano juu na chini, lainisha kingo kwa gundi ya nailoni, umvishe shingoni. Linafanya kazi kama kola za kununua.

Dawa za kumeza

Mbwa mwenye mabaka mengi ya choa, au anayeishi na watoto, anahitaji dawa ya kumeza pamoja na shampuu. Hizi hutolewa na daktari. Nakupa vipimo ili uweze kumuuliza na kuelewa, si ili ukajinunulie.

Itrakonazoli hutolewa miligramu 5 hadi 10 kwa kila kilo ya mbwa, mara moja kwa siku, pamoja na chakula. Terbinafini ni miligramu 30 hadi 40 kwa kilo kwa siku, nayo pamoja na chakula. Mbwa wa kilo 12, kwa mfano, atahitaji terbinafini kati ya miligramu 360 na 480, yaani kidonge kimoja na nusu cha miligramu 250. Ona kwamba kwa kilo ni kipimo kikubwa kuliko cha binadamu. Aliyempa mbwa wake robo ya kidonge akidhani anamwonea huruma amemnyima dawa.

Griseofulvini ni ya zamani na bado watu huipata. Inafanya kazi ikiliwa na chakula chenye mafuta, lakini inaleta kutapika, na ni marufuku kwa mbwa mwenye mimba kwa sababu huharibu watoto tumboni. Watoto wadogo wa mbwa pia wasipewe. Mbwa jike wa mtaani mchukulie kuwa ana mimba mpaka daktari aseme hana. Ketokonazoli ya vidonge huumiza ini, na mimi ningeikwepa kama mojawapo ya zile mbili za kwanza inapatikana. Flukonazoli, ambayo kila duka la dawa linayo, ni dhaifu kwa choa. Usiridhike nayo kwa sababu tu ni rahisi kuipata.

Ili kujua uzito, panda kwenye mizani ukiwa umembeba mbwa, kisha panda peke yako, utoe. Wakati wa dozi, mbwa akikataa kula, akitapika mfululizo, au weupe wa macho na ufizi ukawa wa njano, acha dawa na mpigie daktari siku hiyo.

Vitu vya kukataa hata ukishauriwa na mtu unayemheshimu

Krimu mchanganyiko zenye betamethasoni, zile zinazouzwa kwa "muwasho, fangasi na bakteria" zote kwa pamoja. Steroidi iliyomo hupunguza wekundu kwa siku chache na kushusha kinga ya ngozi. Fangasi hutawanyika chini kwa chini, na baka likirudi halitambuliki tena. Nazitaja kwanza kwa sababu ndizo zinazotumika zaidi.

Oili chafu ya gari, mafuta ya taa na dizeli. Huunguza ngozi, mbwa huvilamba, na ini na figo zake huharibika. Dawa ya kuogeshea ng'ombe iliyokadiriwa kwa jicho ni sumu pia, kwa mbwa na kwa paka zaidi. Mafuta ya mti wa chai, hata kama chupa imeandikwa ni ya asili, humsumisha mbwa. Na sindano ya ivermektini inayochomwa na mtu aliyekuja kutibu mbuzi wa jirani: hiyo ni dawa ya utitiri na minyoo, haigusi fangasi hata kidogo, na kuna mbwa wa damu ya kizungu, wale wa kuchunga kondoo, ambao huweza kuwaua.

Nyumba nayo inatibiwa

Kwa choa, mbegu zilizodondoka na manyoya zinaweza kubaki hai hadi miezi 18 mahali pakavu. Ukimtibu mbwa ukaacha chumba, unamrudisha kwenye ugonjwa kila anapolala.

Usifagie kwa fagio kavu. Unarusha mbegu hewani. Okota manyoya kwa kitambaa kilicholoweshwa, ukachome. Piga deki kwa maji na sabuni ya unga kwanza, maana jiki haifanyi kazi juu ya uchafu. Kisha changanya mililita 300 za jiki kwenye ndoo ya maji ya lita 10, paka sakafu na kuta hadi usawa wa mbwa, acha pabaki pabichi dakika 10, suuza, fungua madirisha. Changanya upya kila mara, kwa sababu mchanganyiko wa jana umepoteza nguvu. Usiuchanganye na dawa ya choo yenye tindikali, hutoa hewa ya sumu. Na jiki isimguse mbwa mwenyewe, wala asirudi chumbani kabla hapajakauka. Deki kamili fanya mara mbili kwa wiki, ukiipanga siku ya kuoga ili mbwa msafi arudi mahali pasafi. Manyoya okota kila siku.

Matambara, taulo na kanga za mbwa zifuliwe peke yake, mara mbili mfululizo, kwa sabuni na maji mengi, kisha zianikwe juani siku nzima. Jua linasaidia lakini halitoshi bila kufua. Magunia, zulia kuukuu, kitana cha mbao na kola ya ngozi ya zamani ni bora uvichome. Udongo wa uani hauwezi kuudeki. Okota manyoya, mweke mbwa sehemu moja inayopigwa na jua, na usimwache azunguke kote mpaka apone.

Mtu akiambukizwa

Baka la duara lenye ukingo mwekundu mkononi, shingoni au tumboni, pale ulipombebea mbwa, lionyeshe kituo cha afya na useme wazi kwamba una mbwa mwenye choa. Kwenye ngozi, krimu ya fangasi kwa wiki kadhaa hutosha kwa wengi. Mtoto mwenye mapunye kichwani anahitaji dawa ya kumeza, kwa sababu krimu haifiki kwenye shina la nywele. Usimnyoe tu na kumpaka ukasubiri. Akishaanza dawa aendelee na shule, ila asichangie kofia, taulo wala kitana. Si aibu, na si sababu ya kumtupa mbwa mtaa wa pili, kwani huko atawaambukiza watoto wengine ambao wazazi wao hawajui chanzo.

Chakula

Ngozi na manyoya vinajengwa kwa protini, na kwa hilo tuna bahati ya kuishi ziwani. Dagaa waloweke na uwaoshe mchanga vizuri, wachemshe, wachanganye na ugali. Mapanki ya sangara chemsha sana, toa nyama, mifupa tupa. Yai mara chache kwa wiki. Usiweke vitunguu wala chumvi. Vitunguu huharibu damu ya mbwa.

Lini uache dawa

Baada ya wiki tatu au nne utaona manyoya laini yakiota na magamba yakiisha. Utatamani kuacha, hasa kama shampuu imeisha na mshahara bado. Usiache. Ngozi hupendeza kabla fangasi hawajaisha. Mbwa mzuri wa kuangalia bado anaweza kubeba mbegu. Tiba ya choa kwa kawaida huchukua wiki sita hadi kumi, na mbwa aliyedhoofika huweza kuzidisha hapo. Ndiyo maana nasisitiza uulize bei ya kozi nzima kabla ya kuanza, ununue shampuu ya mwezi mzima kwa mkupuo ukiweza, na umshirikishe ndugu au rafiki kwenye gharama.

Njia bora ya kujua ni kuotesha tena kwa mswaki: majibu mawili safi yaliyochukuliwa kwa kupishana wiki moja yanatosha kusema amepona. Pasipo maabara, mabaka yote yawe yameziba, daktari asione kitu kwa taa wala hadubini, na bado uongeze angalau wiki mbili za shampuu na dawa baada ya baka la mwisho. Hamira hupona upesi zaidi, lakini ikirudi kila mvua zinapoanza, mwambie daktari atafute chanzo: masikio, viroboto, mzio.

Akishapona, mhasi. Mbwa jike aliyehasiwa hazai watoto wengine wa kurudi Mwaloni, na dume hazururi usiku kugombana. Kamilisha chanjo zake, umpe dawa ya minyoo kila miezi mitatu, na chanjo ya kichaa kila mwaka; kampeni nyingi za kuchanja hufanyika kuelekea tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, kwa hiyo sikiliza matangazo ya kata.

Na baka jipya likitokea miezi kadhaa baadaye, usikimbilie kununua chupa nyingine. Jiulize kwanza limetoka wapi. Mchunguze paka wa nyumbani na yule wa jirani anayekuja kulala kwenye banda, hata kama hana kasoro. Tazama kama mbwa anawinda panya kwenye stoo ya mahindi, au anafukua mahali pamoja uani. Ziba mashimo ya panya, zungushia pale anapofukua. Kisha mpigie daktari mje mchukue sampuli nyingine ya mswaki, ya mbwa na ya paka, mjue mnapambana na fangasi yupi kabla ya dozi ya kwanza.